Shamba la Mwaka Gani?

Mwembe ni mnene kiasi kwamba watu wazima watatu wakishikana mikono hawaumalizi. Upande mmoja wa shina wamesimama watoto wa marehemu aliyelima hapo tangu Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu vijijini miaka ya 1970. Upande wa pili wamesimama wajukuu wa mzee aliyekuwa na kaya yake papo hapo kabla ya Operesheni. Katikati yuko kijana kutoka wilayani, kifaa cha GPS mkononi, anasubiri namba zitulie kwenye kioo.

Mmoja wa mashahidi, mzee wa kitongoji, anamuuliza: "Mwanangu, unapima shamba la mwaka gani?"

"Mzee wangu, mimi napima shamba. Mwaka haumo kwenye fomu."

Hapo ni Uyui, mkoani Tabora, kiangazi, lakini pangeweza kuwa Sikonge, Kaliua au Nzega. Swali la yule mzee limenikaa kichwani kwa wiki nyingi, na kadiri ninavyolirudia ndivyo ninavyoamini kwamba yeye peke yake pale chini ya mwembe ndiye aliyekuwa amegusa kiini cha mgogoro. Pande zote mbili zilikuwa zinasema kweli. Kila upande ulikuwa unasema kweli ya mwaka wake.

## Miaka iliyolala juu ya miaka

Katika Unyamwezi ya watemi, yaani machifu, ardhi ilikuwa ya himaya, na mwanangwa, kiongozi wa kijiji chini ya mtemi, ndiye aliyemwonyesha mtu mahali pa kulima. Ukifyeka pori, pakawa pako kwa muda wote unaopalima. Ukihama, mwanangwa aliweza kumpa mwingine. Mipaka ilikuwa vichuguu, njia za ng'ombe, ukingo wa mbuga, safu ya minyaa. Hakuna aliyehesabu eka, kwa sababu pori lilikuwa kubwa na mikono ya kulima ilikuwa michache.

Wajerumani wakaja na amri ya mwaka 1895 iliyoifanya ardhi kuwa ya dola isipokuwa pale mtu alipothibitisha umiliki. Waingereza wakafuata na sheria ya 1923, ardhi yote chini ya mamlaka ya Gavana, kisha marekebisho ya 1928 yaliyoitambua haki ya mwenyeji anayekaa kwa mila. Watu wa Tabora wanaoenda baraza la ardhi hawabishani kuhusu hayo, kwa hiyo nayapita.

Ninachotaka kisisahaulike ni malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Jimbo la Magharibi na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o. Maana yake ni kwamba baadhi ya familia zinazosema "tuliondolewa kwenye ardhi ya babu mwaka 1974" zina babu ambaye naye aliletwa hapo na amri nyingine, juu ya mahame, yaani makazi yaliyoachwa, ya mtu mwingine. Urambo ina tabaka lake jingine tena. Mradi wa karanga ulioanza 1947 ulifyeka pori kwa matrekta, ukaanguka, na baadaye ardhi ile ikagawanywa kuwa mashamba ya tumbaku.

Kisha watemi wakaondolewa kisheria mwaka 1963. Na muongo mmoja baadaye ikaja Operesheni Vijiji.

Kigoma walianza mapema, mwaka 1972. Kwetu Tabora kazi kubwa ilifanyika kati ya 1973 na 1976. Kaya zilipangwa kwa mstari kando ya barabara, kila moja na eneo lake la makazi, na mashamba yakagawiwa pembeni. Nani aligawa? Mara nyingi viongozi wa tawi la chama, bwana shamba na wajumbe wa nyumba kumi, kwa kamba au kwa hatua za miguu. Vijiji vingi havikubaki na karatasi yoyote ya ugawaji ule.

## Tarehe mbili za kifungu cha 15

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu.

Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria ya kufuta haki za kimila za kabla ya vijiji. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Akonaay lililotokea Arusha, ikasema kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na haichukuliwi hivihivi bila fidia. Wengi walidhani mlango wa mahame umefunguliwa.

Halafu ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Kifungu chake cha 15 kinataja tarehe mbili: 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977. Ardhi aliyogawiwa mtu katika kipindi hicho kwa sababu ya kuhamia kijijini inathibitishwa kuwa yake halali, iwe ugawaji ulifuata sheria au ulikwenda kinyume chake. Na haki za aliyekuwa hapo kabla zinazimika.

Rudia kusoma: au ulikwenda kinyume chake.

Kwa moyo wangu wa haki kifungu hiki kinaniuma. Kuna watu waliohamishwa kwa kubomolewa nyumba, wakati mwingine mvua zikiwa mlangoni, na sheria inawaambia wajukuu wao kwamba kosa lile limekuwa halali. Lakini nimejaribu pia kuwaza njia nyingine. Tukisema kila mtu arudi kwenye mahame yake, yule aliyegawiwa shamba hilo mwaka 1974 aende wapi? Naye alikuwa na mahame yake, ambayo leo mtu mwingine analima. Na chini ya mahame yote hayo kuna malale ya 1930. Sijapata jibu linalotosheleza pande zote, na simwamini anayesema analo.

Lakini kifungu hicho hakisemi kila kitu ambacho watu wanadhani kinasema, na kosa hili hulisikia hata mdomoni mwa viongozi wa vijiji. Kinathibitisha ugawaji uliofanyika. Pale ambapo hapakufanyika ugawaji, hakina cha kuthibitisha. Familia nyingi zilihamia mtaa mpya lakini ziliendelea kurudi kulima shamba la zamani, kilomita nne au sita, jembe begani, mwaka baada ya mwaka. Shamba lile halikugawiwa mtu. Mjukuu wa familia hiyo hazuiwi na kifungu cha 15 hata kidogo. Kwa hiyo kabla ya kukitaja barazani, lazima mtu athibitishe kwa mashahidi kwamba kipande hiki hasa, si kijiji kwa jumla, kiligawiwa, kwa nani, na ndani ya tarehe zile mbili.

## Aligawiwa au alikaribishwa?

Swali la pili ni zito zaidi, na kwa Tabora ndilo linaloamua kesi nyingi kuliko ramani yoyote.

Mkoa huu umepokea watu kwa vizazi: Waha waliokuja kufanya kazi za tumbaku, Wasukuma waliokuja na ng'ombe, ndugu wa ndoa, marafiki wa jando. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; na jembe bila ardhi halina kazi. Hivyo mwenyeji alimwonyesha mgeni kipande akasema lima hapa. Miaka 30 ikapita. Wote wawili wakafa. Sasa watoto wa mgeni wanasema ni urithi wa baba yao, na watoto wa mwenyeji wanasema baba yetu alimkaribisha tu.

Watu wanaijua sheria ya miaka 12. Sheria ya Ukomo wa Mashauri ya mwaka 1971 inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kudai, basi wanadhani yeyote aliyelima zaidi ya miaka 12 ameshinda. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kinyume: aliyekaribishwa hawezi kugeuka mmiliki dhidi ya aliyemkaribisha, hata akae miaka mingapi, maana alikaa kwa ruhusa. Ukomo unamsaidia aliyekaa waziwazi kama mwenyewe, bila ruhusa ya mtu na bila kusumbuliwa.

Basi baraza lisiulize amekaa miaka mingapi tu. Liulize aliingiaje.

Na hili lina alama zake shambani. Nani alimwonyesha mpaka siku ya kwanza: mwanangwa, kiongozi wa kijiji, au mwenye shamba? Anayeonyesha mpaka ndiye aliyekuwa na mamlaka siku hiyo. Je, aliruhusiwa kupanda miti ya kudumu, au aliambiwa alime mahindi na karanga tu? Mkaribishaji mwangalifu hukataza miembe, kwa sababu anajua mti unakuja kuwa ushahidi. Je, familia imezika wapi wafu wake? Aliyekaribishwa aliomba ruhusa kabla ya kuchimba kaburi, na wazee huikumbuka ruhusa ile. Je, baada ya mavuno alipeleka debe la mahindi au pombe kwa mwenyeji?

Tumbaku imeichafua alama ya miti. Wakulima wanahimizwa kupanda miti kwa ajili ya kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, na mkulima aliyekaribishwa hupewa miche ya mikaratusi kama wengine. Anaipanda pembeni mwa shamba, kwa sababu ndipo isipobana zao. Baada ya miaka minane kuna safu nzuri ya miti mirefu juu ya mstari ambao hakuna aliyeukubali kuwa mpaka. Mwenyeji asiye na maneno mengi siku ya kupanda ndiye anayelia siku ya kupima. Ikiwa umemkaribisha mtu na anataka kupanda mikaratusi, andikeni siku hiyo hiyo kwamba miti ni yake na ardhi ni yako, mtendaji wa kijiji agonge muhuri.

## Hatua 70

Tuje kwenye kipimo, maana huku nako kuna machozi yasiyo ya lazima.

Kila mtu anajua eka ni hatua 70 kwa 70. Wachache wanajua kwamba hesabu hiyo ni sahihi kwa hatua ya yadi moja tu, yaani sentimita 91. Yadi 70 ni mita 64. Mita 64 kwa 64 ni mita za mraba 4,096, na eka halisi ni 4,047. Imekaribia sana, na ndiyo sababu kipimo hiki kimedumu.

Lakini mtu mfupi, au mzee, au yeyote anayetembea kwenye matuta, hatua yake ni sentimita 75 hivi. Hatua zake 70 ni mita 52.5. Eneo linakuwa mita za mraba 2,756, sawa na eka 0.68. Aliyegawiwa "eka 10" kwa miguu ya mtu huyo ana eka zisizofika saba. Wengine siku hizi hutumia utepe na kupima mita 70 kwa 70, wakapata mita za mraba 4,900, eka 1.21. Na kamba ya katani iliyotumika asubuhi yenye umande ni fupi kuliko kamba ile ile saa saba mchana.

Matokeo yake ni haya: muhtasari wa mwaka 1976 unasema eka 10, GPS inasema eka 7, na familia inatoka pale ikiamini jirani ameiba eka tatu. Jirani hajaiba kitu. Mpaka uko pale pale ulipowekwa na yule mtu wa hatua fupi.

Kwa hiyo idadi ya eka isitangulizwe kuwa ushahidi wa mpaka. Kinachotangulia ni alama zilizokubaliwa na kutembewa. Eka ni hesabu inayofuata baadaye. Ukiona mtu anadai jirani asogee ili "eka zake zitimie", muulize eka hizo zilipimwa kwa mguu wa nani.

## Namba za kwenye kioo

Kifaa cha mkononi kikiwa mahali peupe hukosea kwa mita tatu hadi tano. Chini ya mwembe hukosea zaidi, kwa sababu majani na shina huvuruga mawimbi. Na mipaka yetu imejaa miembe.

Dawa yake ni rahisi. Usisimame chini ya mti. Simama peupe kwenye mstari wa mpaka, pima kwa utepe umbali kutoka pale hadi kwenye shina, andika na upande. Kaa dakika kadhaa hadi usahihi unaoonyeshwa na kifaa utulie, tumia wastani wa vipimo vingi kama kifaa kinao, na usichukue nukta ukitembea. Weka nukta kwenye kila kona hata iwe ndogo, maana mstari kati ya nukta mbili utachorwa ukiwa umenyooka na utakata tumbo la shamba la mtu. Kichuguu kina upana wa mita nne au tano: andikeni mpaka unapita katikati yake, ubavuni mwa mashariki au wa magharibi. Vichuguu huchimbwa kwa ajili ya matofali, kwa hiyo chimbieni jiwe kando yake.

Kosa la mita nne lina uzito gani? Shamba la eka moja lenye pande sawa, upande mmoja ukisogea mita nne, linapoteza mita za mraba 256, zaidi ya asilimia 6. Shamba la eka 10 linapoteza asilimia 2 tu. Kwa hiyo viwanja vidogo vya mtaa wa Operesheni vipimwe kwa utepe kwanza, na GPS iwe ya kuonyesha mahali vilipo.

Kosa kubwa kuliko yote halitokei shambani, linatokea ofisini. Ramani za zamani za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa namba za mahali uitwao Arc 1960, na vifaa vya leo hutumia mwingine, WGS 84. Ukisoma namba kutoka ramani ya zamani ukaziingiza kwenye kifaa bila kubadilisha mfumo, utakosea karibu mita 300. Mipaka ya kijiji na kijiji, na ya kijiji na hifadhi ya msitu, imewahi kugombewa kwa upana unaofanana kabisa na kosa hilo. Mkisikia tofauti ya mita 300 kuelekea kaskazini au kusini, ulizeni mfumo kabla ya kushika mapanga.

Kwa wenzetu wa Kigoma kuna mtego wa ziada. Longitudo ya 30 mashariki inapita katikati ya mkoa wao na kuugawa katika kanda mbili za kuratibu, kila moja ikianza upya hesabu ya namba zake: Ujiji na Kigoma mjini ziko kanda ya 35, mji wa Kasulu uko kanda ya 36. Ukiandika namba za Ujiji na kuweka kanda ya 36, shamba linatua karibu na Kondoa, mkoani Dodoma. Tabora yote iko kanda ya 36, lakini mpimaji aliyetoka kufanya kazi Kigoma aangalie kifaa chake kabla ya kuanza.

## Mistari isiyoonekana

Mtaa wa Operesheni ulipangwa kando ya barabara kwa makusudi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati. Kaya iliyopangiwa na serikali mwaka 1974 inaweza kujikuta mlango wake uko ndani ya mstari. Kando ya mito na mabwawa kuna mita 60 za Sheria ya Mazingira ya 2004. Kabla ya kugombania kona ya shamba, pimeni hizi kwanza. Nimesikitika kuona ndugu wakitoana damu kwa ajili ya kipande ambacho hakuna kati yao atakayepewa hati yake.

## Waliokuwa watu wazima mwaka 1974

Kijana wa miaka 20 mwaka 1974 leo amepita 70. Hao ndio waliobeba kamba, waliohesabu hatua, waliosikia kiongozi akisema "kuanzia hapa ni kwako". Kila msiba kijijini unaondoa ukurasa wa daftari ambalo halikuandikwa.

Wanawake wa umri huo wasiachwe nyuma. Mara nyingi huitwa wanaume tu kuonyesha mipaka, wakati aliyepalilia ule mstari kila msimu kwa miaka 40 ni mama. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, na baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba lazima liwe na wanawake watatu. Sheria imewaweka barazani. Wawekwe na kwenye mpaka.

Kwa hiyo rai yangu kwa kijiji chochote kinachojiandaa kwa hati za kimila ni kuanza na vikao vya vitongoji, miezi kabla ya wapimaji kufika. Kwa kila shamba yaandikwe mambo manne: aliingia mwaka gani, nani alimwonyesha, aligawiwa au alikaribishwa au alinunua au alirithi, na majirani wa pande zote nne ni akina nani. Kama alinunua, iandikwe pia kama halmashauri ya kijiji iliridhia, maana mauziano yasiyo na ridhaa hiyo hutenguliwa. Kama kijiji ndicho kilichompa ardhi katika miaka ya karibuni, itajwe tarehe ya mkutano mkuu uliopitisha. Halmashauri peke yake haitoshi.

Halafu mpaka utembewe, majirani wote wakiwepo, siku moja, mawe yakichimbiwa papo hapo. Asiyekuwepo asubiriwe. Shamba lenye ubishi liandikwe kuwa lina ubishi na lipelekwe kwa baraza la kijiji, bila kulazimisha saini ili orodha ya mradi ikamilike. Tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata nalo linasuluhisha tu, haliamui. Usuluhishi ukishindikana au siku 30 zikipita, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko dai lisilotaja kitongoji, ukubwa na majirani wa pande nne hukwama mapema, na yale mambo manne yatakuwa yameshaandikwa.

Muhtasari uwe na nakala tatu zenye saini au dole gumba kila ukurasa: moja ofisi ya kijiji, na moja kwa kila upande. Na fomu ikiwa haina nafasi ya mwaka, uandikwe pembeni kwa wino.